Kwa nini pointi za kadi za mkopo zinazidi kupungua thamani? Naomba tujadili kwa hoja

#1 Mzigua_Dallas

Wakuu, salaam. Wengi wetu tulioko Marekani tumezoea kulipia matumizi ya nyumbani kwa kadi ya mkopo, kulimaliza deni lote kabla ya tarehe ya mwisho ili riba isitupate, kisha kukusanya pointi hadi zitoshe tiketi za familia kwenda Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa. Kwa miaka kadhaa utaratibu huo ulitufaa sana. Sasa tunabanwa kila upande: ada ya mwaka inapanda, pointi zinazotakiwa kwa safari ileile zinaongezeka, na faida tulizojiungia zinaondolewa moja baada ya nyingine.

Chukueni mfano wa kadi ya Sapphire Reserve ya benki ya Chase. Ilipotoka Agosti 2016, ada yake ilikuwa dola 450 kwa mwaka na zawadi ya kujiunga ilikuwa pointi 100,000. Mwaka 2020 ada ikafika 550, na Juni 2025 ikatangazwa ada mpya ya 795. Kadi ya Platinum ya American Express ilipanda kutoka 550 hadi 695 mwaka 2021, kisha ikafika 895 mwaka 2025. Dai langu ni kwamba benki zilitoa kwa wingi ili kutuvuta, na sasa, kwa kuwa tumeshahamishia matumizi yetu yote kwao, zinachukua tena zilichotoa. Mwenye maelezo tofauti ayaweke hapa.

#2 BintiKisauni

Ahsante kwa mada. Ni vyema tuanze na chanzo cha fedha zenyewe, kwa sababu wengi hudhani zawadi hizi zinatoka kwenye hazina ya benki. Unapolipa dukani kwa kadi ya mkopo, mwenye duka hapokei kiasi kamili. Kuna makato, na sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyokupa kadi. Huko ndiko pointi zako zinakogharamiwa.

Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2015 iliyoweka ukomo wa makato hayo kuwa asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo na asilimia 0.2 kwa kadi za debiti, na ukomo huo ukaanza kutumika Desemba mwaka huohuo. Hapa Uingereza ninapoishi, kadi nyingi zilizokuwa zikirudisha fedha bila ada ya mwaka zilifungwa kwa wateja wapya au zikapunguzwa, kwa kuwa benki haiwezi kurudisha asilimia 1 ikiwa yenyewe inapokea asilimia 0.3. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, ukomo ulibaki katika sheria zake. Kwetu sisi, basi, sababu inafahamika.

#3 Nyanda_za_Juu

Dada BintiKisauni, umeeleza vizuri, lakini maelezo yako hayagusi kisa cha mleta uzi. Marekani hakuna sheria yoyote inayoweka ukomo wa makato ya kadi, na bado pointi zinashuka. Ikiwa chanzo cha fedha hakijaguswa, kinachopungua ni nini?

#4 Wakili_Mtaa

Hapo namba 3 pana jambo la kurekebisha. Marekani ukomo upo, ila ni wa kadi za debiti peke yake. Ulitokana na kifungu cha Seneta Dick Durbin katika sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010, na ulianza kutumika Oktoba 1, 2011: senti 21 kwa kila muamala pamoja na asilimia 0.05 ya thamani yake, kwa benki zenye mali inayofikia dola bilioni 10 au zaidi. Wakati huo kulikuwa na kadi za debiti zenye pointi katika benki nyingi kubwa, na nyingi kati ya programu hizo zilifungwa karibu mara moja. Kwa hiyo Marekani yenyewe imewahi kuonyesha kwamba makato yakibanwa zawadi nazo hufa.

Kwa kadi za mkopo, Durbin na Seneta Roger Marshall walipeleka muswada mwaka 2022 unaotaka benki kubwa ziruhusu mtandao mwingine wa malipo zaidi ya Visa au Mastercard, ili ushindani ushushe makato. Haujapita. Hata hivyo, benki zinapopanga bei za miaka ijayo zinauzingatia.

#5 Nyanda_za_Juu

Nilikuwa nazungumzia kadi za mkopo, na kwa hizo umethibitisha kwamba ukomo haupo. Swali langu liko palepale.

#6 Mhasibu_Ilala

Naomba kujibu swali la namba 3 kwa jicho la uhasibu, kwa sababu hapa ndipo ninapofanyia kazi.

Pointi ambayo hujaitumia ni deni katika vitabu vya aliyeitoa. Chini ya IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayotumika tangu 2018, shirika la ndege linalouza maili (yaani pointi zake) kwa benki haliruhusiwi kuhesabu fedha zote kuwa mapato siku hiyohiyo. Sehemu inayolingana na safari ambazo wateja bado wanazidai huwekwa kando hadi maili zitumike, au hadi ikadiriwe kwamba hazitatumika kamwe. Kampuni inayodaiwa kwa sarafu inayoitengeneza yenyewe, na ambayo bei yake inaipanga yenyewe, ina njia rahisi mno ya kupunguza uzito wa deni: inapandisha idadi ya maili kwa kila kiti.

Ndiyo maana naona kuondolewa kwa majedwali ya bei ni jambo kubwa kuliko ada anazolalamikia mleta uzi. Zamani shirika lilichapisha jedwali, ukajua kwamba safari ya Afrika kwa daraja la kawaida ni maili kadhaa, na likibadilisha kila mtu aliona. Delta iliondoa jedwali lake mwaka 2015, Flying Blue, programu ya maili ya Air France na KLM, ikahamia kwenye bei zinazobadilika mwaka 2018, United ikafuata mwaka 2019, na American mwaka 2023. Leo bei inaweza kupanda usiku na pasiwepo tangazo lolote la kulalamikia.

Programu hizi si jambo dogo tena kwa mashirika yenyewe. Wakati wa janga la korona mwaka 2020, United iliweka programu yake ya MileagePlus kuwa dhamana na kupata dola bilioni 6.8. Delta ilipata bilioni 9 kwa njia hiyohiyo. Biashara inayoaminiwa na wakopeshaji kiasi hicho haiendeshwi kwa nia ya kutufurahisha sisi wasafiri.

#7 Muuguzi_Houston

Nimesoma bandiko la Mhasibu nikaona limegusa yaliyonikuta. Nilikusanya pointi kwa muda mrefu, kutoka mafuta ya gari, chakula na karo za watoto, nikilenga tiketi zetu wote pamoja na mama aliyekuwa arudi Moshi. Benki yangu inaruhusu kuhamisha pointi kwenda kwenye programu ya shirika la ndege, na ukishahamisha hazirudi. Nilihamisha baada ya kuona viti kwa bei fulani, pointi zikachelewa kufika upande wa pili, na zilipofika viti vilevile vilikuwa vinataka maili nyingi zaidi. Nilipopiga simu niliambiwa kwamba bei hubadilika kulingana na mahitaji ya soko na kwamba nilikubali hayo katika masharti. Mama alisafiri kwa tiketi ya fedha taslimu.

Ninachouliza ni hiki: kama pointi ni deni katika vitabu vyao, kwa nini mdai asiwe na haki yoyote ya kujua atalipwa kiasi gani?

#8 MuuzaDuka_Minnesota

Nawasalimu nyote. Pole sana dada Muuguzi, ila naomba na sisi wa upande wa pili wa kaunta tusikilizwe.

Nina duka la vyakula Minneapolis, wateja wangu wengi ni watu wa Afrika Mashariki. Mteja akilipa kwa kadi ya mkopo, zaidi ya asilimia 2 ya mauzo hukatwa, na kadi zile za hadhi ya juu zenye pointi nyingi hukata zaidi kuliko kadi za kawaida, wala siwezi kuchagua kupokea Visa ya kawaida na kukataa Visa ya kifahari. Faida katika unga, mchele na mafuta ni ndogo. Kwa hiyo bei ninayoweka rafuni ina makato hayo ndani yake, na bibi anayelipa kwa noti anachangia safari ya mwenye kadi. Utafiti uliotolewa na Benki Kuu ya Marekani mwaka 2023 ulikadiria kwamba dola bilioni 15 kwa mwaka huhama hivyo, kutoka kwa wanaolipa taslimu kwenda kwa wenye kadi. Ninyi mnalia kwamba zawadi zinapungua. Mimi naomba zipungue zaidi, kwa sharti kwamba makato nayo yapungue.

#9 Ukonga_Boy

Mzee MuuzaDuka, mimi ni mteja wako wa kila Jumamosi na ninalipa kwa kadi, sasa nimejua kwa nini unanitazama vile ninapoitoa. Kuanzia wiki hii naleta noti, ila nategemea utanipunguzia kwenye ule mchele.

#10 MuuzaDuka_Minnesota

Njoo na noti, kijana wangu, tutazungumza.

#11 Mhasibu_Ilala

Mzee MuuzaDuka, hoja yako kuhusu wanaolipa taslimu ina uzito, lakini utafiti ulioutaja unasema jambo jingine. Zile dola bilioni 15 zinahama kati ya wenye kadi wenyewe. Watafiti waliangalia nani anapata zawadi nyingi kuliko anachokilipa kwa riba na ada, na nani analipa zaidi ya anachopata, wakakuta fedha zinatoka maeneo yenye kipato kidogo na elimu ndogo kwenda maeneo yenye kipato kikubwa na elimu zaidi. Msaada mkubwa kwa Mzigua na wenzake unatoka kwa mtu mwenye kadi kama ya Mzigua ambaye deni lake halimaliziki mwezi hadi mwezi. Anayelipa taslimu ni suala la pili, linaloongezeka juu ya hilo.

#12 Mzigua_Dallas

Hilo la Mhasibu linanitia uzito moyoni, kwa sababu nawafahamu ndugu wenye kadi hizo waliofika mwaka mmoja au miwili iliyopita, wanalipa kiasi cha chini tu kila mwezi, na bado wanaona fahari kwamba pointi zinaongezeka. Riba ya kadi za mkopo Marekani imekuwa juu ya asilimia 20 kwa wastani tangu 2023. Hakuna pointi inayoweza kufidia riba hiyo, na naomba kila anayesoma hapa aliseme hilo kwa wageni wanaomfikia.

#13 Shamba_Perth

Habari za huko. Mzee MuuzaDuka anaomba makato yapungue ili bei zishuke. Hapa Australia jambo hilo lilifanyika mapema kuliko Ulaya. Benki Kuu ya hapa iliingilia mwaka 2003, na wastani wa makato yanayokwenda kwa benki zinazotoa kadi ulishuka kutoka karibu asilimia 0.95 hadi karibu 0.55. Benki zilipunguza pointi kwa kila dola na kupandisha ada za mwaka. Wafanyabiashara wakaruhusiwa pia kumtoza mteja nyongeza akilipa kwa kadi.

Matokeo yake ni kwamba tulipoteza pointi, na kwenye migahawa na teksi tukaanza kulipa nyongeza. Kama bei za bidhaa zilishuka, ilikuwa kwa kiwango ambacho mnunuzi wa kawaida hakukiona kwenye risiti. Sisemi kwamba hatua ile ilikuwa mbaya. Ninachosema ni kwamba fedha inayookolewa dukani si lazima imfikie yule bibi mwenye noti.

#14 MuuzaDuka_Minnesota

Ndugu wa Perth, mimi sijaahidi kushusha bei ya kila kitu kesho yake. Ningeanza kwa kutoipandisha, maana mpandisho wa bei ndio unaonifukuzia wateja.

#15 Karani_wa_Kariakoo

Wakuu, nimefuatilia tangu mwanzo na nadhani tunachanganya mambo mawili. Kinachopungua thamani ni pointi na maili. Zawadi ya fedha haijapungua. Kadi ya Double Cash ya benki ya Citi ilianza mwaka 2014 kwa kurudisha asilimia 1 unaponunua na asilimia 1 nyingine unapolipa, na hadi leo inarudisha asilimia 2 bila ada ya mwaka. Tena bei zikipanda dukani, asilimia 2 ya bei mpya nayo inapanda. Anayepokea dola hawezi kuambiwa kwamba dola zake sasa zinanunua nusu ya kiti. Dada Muuguzi angechukua fedha, angenunua tiketi ya mama siku ileile aliyoiona.

#16 Muuguzi_Houston

Karani, hesabu yako ni sahihi kwa tiketi ya kawaida ya mtu mmoja. Kwa familia nzima inayosafiri Desemba, wakati nauli za kwenda Afrika Mashariki zinapanda sana, maili ndiyo zilikuwa njia pekee ya kututoa. Tulizichagua kwa sababu zilikuwa na thamani hiyo, tena benki wenyewe ndio waliotuonyesha mifano ya safari za namna hiyo kwenye matangazo.

#17 Wakili_Mtaa

Naongeza kwa Karani: hata kadi za fedha zimepungukiwa, ila mahali ambapo watu hawatazami. Citi hiyohiyo iliondoa sehemu kubwa ya bima za safari kwenye kadi zake Septemba 2019, yaani bima ya kuahirishwa kwa safari, ya mizigo inayochelewa na ya gari la kukodi. Asilimia 2 ilibaki, kilichokuwa pembeni yake kikaondoka. Mtu huja kugundua siku mzigo wake unapobaki Addis Ababa.

#18 Mtoto_wa_Muttrah

Salaam kutoka Muscat. Kwa wanaopitia Dubai kwenda Dar es Salaam, jueni kwamba kuna njia ya tatu ya kupunguza thamani ambayo haijatajwa: kubadilisha kiwango cha kuhamisha. Septemba 2025 American Express ya Marekani ilibadilisha uhamishaji wa pointi kwenda Skywards, programu ya maili ya shirika la Emirates. Zamani pointi 1,000 zilikuwa maili 1,000, sasa zinakuwa 800. Kadi ni ileile, safari ni ileile, na mtu amepoteza sehemu moja ya tano kabla hata ya kutafuta kiti.

Kwa maoni yangu hapa benki na shirika la ndege kila mmoja anamtupia mwenzake lawama. Benki inasema shirika limepandisha bei ya kuuza maili zake, shirika linasema viwango ni uamuzi wa benki, na mkataba wao sisi hatuuoni.

#19 Nyali_Digital

Huku nyumbani Kenya tunaangalia mjadala wenu kwa mbali, kwa sababu tulio wengi hatuna kadi za mkopo, malipo yetu ni ya simu. Tuna pointi za Bonga za kampuni ya simu ya Safaricom tangu 2007, na ni kweli watu huzihesabu, lakini hakuna anayepanga safari ya familia juu yake. Labda ni afadhali. Mfumo ambao haukukuahidi tiketi ya ndege hauwezi kukunyang'anya.

#20 Nyanda_za_Juu

Narudi kwenye swali langu, maana bado sijaridhika. Tumesikia makato, sarafu inayotengenezwa na mdaiwa, riba, na mikataba iliyofichwa. Naona jingine: wingi wa watu. Jamie Dimon, mkuu wa JPMorgan inayomiliki Chase, alisema Desemba 2016 kwamba Sapphire Reserve ingepunguza faida ya robo ile ya mwaka kwa dola milioni 200 hadi 300, kwa jinsi watu walivyoikimbilia. Kumbi za mapumziko kwenye viwanja vya ndege, ambazo kadi hizi humruhusu mtu kuingia, zikajaa, hadi Delta ikaweka ukomo kuanzia Februari 2025: mwenye kadi ya Delta Reserve ya American Express apate siku 15 za kuingia kwa mwaka, na wa Platinum ya American Express yenyewe siku 10. Faida iliyobuniwa kwa wachache haiwezi kubaki ileile wakigawiwa wengi. Tena kuna wanaofungua kadi kwa ajili ya zawadi ya kujiunga, wanaifunga, wanafungua nyingine, na tovuti nzima zinafundisha namna ya kufanya hivyo.

#21 Mzigua_Dallas

Mkuu, hapo umenipa silaha. Kama kiongozi wa benki alijua mwaka 2016 kwamba kadi inapata hasara na akaendelea kuitangaza, basi nia ilikuwa kupata wateja kwanza na kupunguza baadaye. Ndilo dai langu la bandiko la kwanza.

#22 Nyanda_za_Juu

Hapana, zawadi ya kujiunga huhesabiwa kuwa gharama mwanzoni wakati mteja anakaa miaka mingi. Hasara ya robo mwaka moja haithibitishi nia ya kuja kupunguza.

#23 BintiKisauni

Wote wawili mnaweza kuwa sahihi na bado msijibu jambo la Muuguzi kuhusu haki ya mdai. Mnayoyaeleza ni sababu za benki. Yeye anauliza nani anamlinda.

#24 Wakili_Mtaa

Dada BintiKisauni, kwa upande wa Marekani kulikuwa na hatua mbili mwaka 2024. Septemba, Wizara ya Uchukuzi iliyataka mashirika manne, yaani American, Delta, Southwest na United, yatoe maelezo kuhusu namna yanavyobadilisha thamani ya maili na bei zake. Desemba, ofisi ya shirikisho inayolinda watumiaji wa huduma za fedha ilitoa waraka ukionya kwamba kupunguza thamani ya zawadi ambazo mteja ameshazipata kunaweza kuwa uvunjaji wa sheria. Mwezi mmoja baadaye serikali ikabadilika.

Kinachowabana walalamikaji ni masharti yenyewe. Karibu kila programu imeandika kwamba pointi si mali ya mwanachama na kwamba kampuni inaweza kubadilisha au kufuta programu wakati wowote. Mwanachama anapewa kitu cha kutumia kwa ruhusa ya mwingine. Hoja pekee iliyo hai mahakamani ni kwamba tangazo la kuuzia kadi liliahidi zaidi ya masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, na hoja hiyo inategemea tangazo moja moja.

#25 Muuguzi_Houston

Ahsante, Wakili. Barua pepe ya tangazo lililonishawishi kuchukua kadi bado ninayo, ina picha ya familia uwanjani na idadi ya pointi kwa kila mtu. Je, hiyo inatosha kuandika malalamiko, au nahitaji pia ushahidi wa bei niliyoiona siku ile nilipohamisha pointi?

#26 Wakili_Mtaa

Unahitaji vyote viwili, pamoja na saa uliyohamisha na saa zilipofika. Shirika la ndege litasema bei ilipanda kwa sababu viti viliisha, na bila saa hizo huwezi kupinga. Ukipata taarifa hiyo, nitumie faragha nikusaidie kuandika.

#27 Karani_wa_Kariakoo

Ikiandikwa, Wakili, tuwekee hapa muundo wake bila jina la dada. Tupo wengi tuliopiga picha ya skrini ya bei na kuihifadhi bila kujua pa kuipeleka.